Mwali Aliyeanikwa Juani

Dada yangu alikuwa na madoa mawili kwenye shavu la kulia na mengine madogo kidevuni, mabaki ya chunusi alizozitumbua kwa kucha huku akijiapiza kuwa hatarudia. Kwa miaka mingi hayakumsumbua. Yalianza kumsumbua alipovishwa pete, maana pete ilileta picha, na picha zikaleta mashangazi wanaokuza nyuso za watu kwa vidole viwili kwenye simu.

"Mie harusini siendi na uso wa chui," alisema. "Manzese kuna dada mmoja anachanganya mkorogo wa kujichubua. Wiki mbili tu, natoka kama yai lililomenywa."

Mkorogo niliujua. Mama yetu mdogo aliwahi kuupaka. Uso ukatii, vifundo vya vidole vikagoma, na mpaka leo akitoka nje mchana mashavu yanawaka kama kapigwa vibao. Nikamwomba dada anipe muda hadi mwisho wa mwezi, nijaribu vitu vya jikoni.

"Na ukishindwa?"

"Nakusindikiza Manzese mwenyewe."

Wakati huo nilikuwa naandika riwaya iliyokuwa imekataa kusonga, kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kumwokoa mtu. Nilianza na papai bivu, ambalo nusu liliishia usoni na nusu mdomoni mwa mgonjwa. Nikafuata asali, sisimizi nao wakafuata. Nikachanganya manjano na mtindi. Dada akaamka na foronya ya rangi ya machweo na masikio ya rangi hiyohiyo, na madoa yake yametulia palepale kama wapangaji wenye mkataba.

Hapo mama akaona tunachezea muda. Mama alikulia bara, kijiji cha baridi, na kwake kitu chochote cha maana hukaushwa juani: mahindi, maharage, mboga, magodoro, hata ugomvi wa watoto aliutoa nje kwanza. Alikuja na bakuli la ndimu zilizokatwa.

"Ndimu inang'arisha sufuria, itashindwa uso?" alisema. Akamkamulia dada usoni, juu ya manjano, akamlaza kwenye mkeka uani, kati ya ungo wa mchicha na ungo wa dagaa. Jua la Kimara lilikuwa limesimama juu ya bati bila huruma.

"Mama, inawasha."

"Ndiyo inafanya kazi hiyo. Geukia upande wa pili."

Nami, mtaalamu wa vitu vya jikoni, nilikaa kivulini kufukuza nzi. Nilidhani hilo ndilo jukumu langu.

Jioni uso ulikuwa mwekundu. Siku chache baadaye madoa yalikuwa meusi kuliko mwanzo, tena yamepata ndugu: mchirizi mrefu ulioshuka kutoka shavuni hadi shingoni, palepale maji ya ndimu yalipopita. Dada alijitazama kwenye kioo, akachukua mkoba.

"Twende," aliniambia. "Si ulisema utanisindikiza?"

Kwenda kituo cha mabasi ya mwendokasi lazima upite duka la pembeni, la bibi mmoja wa familia ya Kiarabu iliyouza mchele na udi hapo kabla baba hajanunua kiwanja. Tukamwamkia shikamoo tukiwa tunatembea.

"Marahaba. We bibi harusi, hebu rudi. Huo uso umeufanyaje?"

Dada akaniangalia mimi. Nikaeleza. Manjano, mtindi, ndimu, mkeka, na mkorogo tunaoufuata Manzese.

"Juani?"

"Juani, bibi."

"Nani kamuanika?"

"Mama."

Bibi alicheka hadi akashika gunia la mchele asianguke. "Ndimu, manjano, jua! Mwanangu, mlitaka kumuoza au kumtia chupani awe achari?"

Dada alijaribu kununa, akashindwa. Nilipomsikia anacheka nilijua bado nina nafasi.

Bibi akasema ndimu na jua havipatani kwenye ngozi, na kwamba kwao mwali hukaa ndani, anasingwa kwa manukato, anakula, haonwi na jua wala na wambeya. Akatoa kipande cha liwa, ule mti wa kunukia, jiwe la kusugulia na chupa ya maji ya waridi.

"Yatatoka kabla ya harusi?" dada aliuliza.

"Hayatoki. Yatafifia, polepole, usipoyagusa kwa kucha. Lakini ukiweka mkorogo juu ya ngozi iliyoungua hivyo, bwana harusi ataoa nyanya ya kuchoma."

Dada akafungua mkoba, akalipia vyote. Kisha akanunua pia mwavuli. Tukarudi nyumbani.

Mama alipopewa habari alikunja mkeka. Kisha akahamia upande wa pili kwa nguvu zake zote. Alifunga mapazia. Alimkataza dada hata kufika kibarazani. Mchumba alipokuja na soda mchana alipokewa soda, akaambiwa yeye arudi jua likizama.

Siku ya harusi madoa yalikuwepo, yamefifia kama mwandiko wa penseli uliopitiwa na ufutio. Mpiga picha alitupanga nje ya kanisa, na mama akafungua mwavuli juu ya kichwa cha binti yake.

"Mama, nahitaji mwanga!"

"Huo mwanga ndio uliotuharibia. Piga hivyohivyo."

Alipiga hivyohivyo. Picha zilipokuja, dada alizikagua moja moja, akikuza kwa vidole viwili kama mashangazi.

"Umeona?" aliniambia kwa furaha. "Madoa hayaonekani kabisa."

Nikachungulia. Palikuwa na gauni, maua, bwana harusi anayetabasamu, mkono wa mama, na giza zuri la mwavuli.

"Na wewe huonekani," nilimwambia.

"Si hoja," alisema. "Manzese sikwenda."