Feodosia Anakwenda Kutazama Maji

Feodosia Balashov anapochukua kayaki yake kwenda kuvua, husema anakwenda kutazama maji. Haongezi neno. Hapa Chugalik, kijiji cha watu wasiofika mia mbili kwenye ghuba moja ya kusini mwa Alaska, kauli hiyo inatosha. Anayeisikia hujibu "Haya" na kuendelea na shughuli zake. Haulizi maji gani, wala upande gani, wala kurudi ni lini. Gayogayo ana masikio, ndivyo walivyosema wazee. Ukimtaja ungali nchi kavu, habari zimeshamfikia, na samaki aliyefikiwa na habari si wako tena. Ama hatakuja, ama atakuja kwa shauri lake mwenyewe.

Gayogayo wa huku si yule wa kutosha sahani. Ni samaki bapa kama mlango, macho yote mawili upande mmoja, anayelala juu ya mchanga kwenye kina kisichofikiwa na mwanga. Mkubwa wake humshinda mtu mzima uzito. Wenye boti za injini humpiga risasi ya kichwa kabla ya kumpakia, kwa kuwa mkia wake umeshavunja miguu ya watu. Mwenye kayaki hana pa kumpakia. Amekaa usawa wa maji, miguu ameinyoosha mbele, katika chombo ambacho samaki mwenyewe anakizidi uzito.

Feodosia, au Dosia kama anavyoitwa, ana miaka sitini na moja na ndiye pekee kijijini anayevua hivyo bado. Babu yake alitumia kayaki ya ngozi za sili. Yake ni ya plastiki, ya njano, aliyoinunua kwa kambi ya watalii iliyofungwa. Mshipi ni wa mkono. Ana chusa, mkuki wa kuvulia, lenye kamba na boya, kisu kifuani, filimbi shingoni, na redio ndogo ndani ya jaketi la kuokolea. Wakimwambia anunue injini hujibu kwamba injini hupiga kelele, na kelele nayo ni namna ya kutaja. Siku za kazi huwa kwenye uwanja mdogo wa ndege, akipokea mizigo na barua na kuzigawa nyumba kwa nyumba kwa pikipiki ya magurudumu manne.

Kaka yake, Nestor, alivua kwa kayaki pia. Kiangazi kimoja, mdogo wao Matrona akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, alishika redio ya jikoni ambayo kila nyumba huisikiliza, akamwita mbele ya kijiji kizima: "Nestor! Usirudi bila gayogayo! Na mashavu ni yangu!" Watu wakacheka majikoni mwao. Kayaki ya Nestor ilikutwa jioni nyuma ya Jiwe la Kasisi, kichwa chini. Kamba ilikuwa bado imefungwa kwenye omo, ncha ya mbele, imekaza, imeelekea chini moja kwa moja. Nestor hakuonekana. Hakuna aliyemlaumu Matrona kwa maneno. Walianza tu kunyamaza anapoingia mahali, na tangu hapo hakulitamka jina la samaki huyo, hata mezani.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, shangazi yao Ustinia aliacha kula. Alikuwa ameshakuwa mtu wa kitandani miaka miwili. Uji aliukataa, supu ya bata aliikataa, mkate wa samaki na wali aliupenda maisha yake yote na huo nao akausukuma. Mwishoni mwa Mei, Dosia akiwa kando ya kitanda, mama huyo aliinua kidole akagusa shavu lake mwenyewe, kisha akafumba macho. Nyama ya shavu la gayogayo ndiyo laini kuliko zote, na kwa desturi ni ya wazee.

Ilikuwa wiki mbaya. Mwezi ulikuwa mpevu na maji ya bamvua: hapa, maji yakipwa siku za bamvua, ghuba nzima humwagika kuelekea baharini kama ndoo iliyopinduliwa, na pale mdomoni mkondo hugongana na mawimbi ya nje. Pahali hapo panaitwa Chungu, kwa kuwa panachemka. Mvuvi wa kayaki husubiri maji mafu, wiki ambayo mkondo ni mdogo. Dosia aliona shangazi yake hana wiki ya kusubiri.

Asubuhi alipokea ndege kama kawaida. Rubani, kijana wa mjini, alimwangalia miguuni.

"Mama Dosia, hayo si mabuti ya kugawia barua. Unakwenda kuvua?"

"Nakwenda kutazama maji."

"Yana nini? Jana nimeyaacha palepale."

"Kwa sababu natazama. Nikiyaacha yatahama."

Akapita kwa Matrona, maana kayaki ilikuwa ikilazwa nyuma ya kibanda chake cha kukaushia samaki. Matrona aliona pweza ndani ya ndoo. Pweza ndiye chambo. Akageuza macho.

"Chai?"

"Nikirudi."

"Leo bamvua, dada."

"Kalenda ninayo ukutani kama wewe."

"Mimi nimesema bamvua tu."

"Na mimi nimesikia tu."

"Basi vaa kofia. Mtu mzima, masikio mekundu kama mlevi."

"Masikio ya ukoo haya. Yako umeyafunika kitambaa, unadhani hatuyajui?"

Zaidi ya hapo desturi hairuhusu. Matrona alisimama mlangoni akamwona dada yake akiingia majini, akipiga kafi kulia na kushoto bila haraka, hadi nyuma ya rasi, kuelekea Jiwe la Kasisi. Maji yalikuwa yamejaa na kusimama. Ghuba ilikuwa laini kama kitu kilichoshikilia pumzi.

Baada ya saa moja maji yalianza kutoka. Matrona alipika chai akaimwaga, akapika nyingine. Kutoka dirishani aliuona ukungu ukiingia mdomoni mwa ghuba, si kwa juu bali ukitambaa, ukafunika Chungu, kisha visiwa, kisha nusu ya rasi. Redio jikoni ilikuwa ikizungumza: mtu anaulizia kopo la petroli, mwingine anamwita mtoto aje kula. Hakuna aliyeuliza Dosia yuko wapi. Wengi walimwona asubuhi akitafuta pweza miambani, walijua. Walikuwa wamesimama madirishani kama yeye, kila mmoja akichunga mwingine asiulize.

Matrona aliweka mkono kwenye redio akautoa. Akauweka tena. Akifungua kinywa, kwa hesabu za Chugalik atakuwa amemfanyia dada yake alichomfanyia kaka yake. Akikaa kimya, hakuna atakayetoka, kwa sababu hakuna aliyeambiwa kwamba kuna mtu wa kutafutwa.

Huko nyuma ya Jiwe la Kasisi, Dosia alikuwa ameshashika samaki. Amesimulia mara moja tu, na kwa kifupi. Chubwi, kile kizito cha kuzamishia mshipi, iligusa chini, akainua mshipi kidogo, na kitu kikaegemea upande wa pili. Hakikuvuta, kiliegemea, kama mtu anayejaribu mlango. Akakipandisha pima kwa pima na kikaja bila ubishi. Hilo halikumpendeza. Mkubwa akipanda kimya ni kwamba bado hajaiona nuru. Alipotokeza, mgongo wake ulikuwa mpana kuliko kayaki. Dosia akamchoma chusa nyuma ya matamvua.

Maji yalipasuka. Samaki akaondoka na kamba na boya. Boya likazama, likaibuka mbali, ukingoni mwa ukungu. Kazi ya boya ni hiyo: samaki apigane na boya, mtu akae mbali hadi samaki achoke. Lakini ukungu ulikuwa ukilimeza. Likipotea, amepotea samaki na chusa, na shangazi amekosa. Dosia alilifuata, akalikamata, akafanya jambo ambalo alikwisha kuwakataza wengine: alilifungua boya na kuifunga kamba kwenye omo ya kayaki.

Samaki akamvuta kuelekea mdomoni mwa ghuba, na maji yanayopwa yakamsaidia. Dosia akajiambia atachoka. Hakuona jiwe tena, wala rasi, wala ncha ya kayaki yake. Mara mbili omo ilizama hadi mapajani mwake, ikainuka. Kisha akaisikia sauti ya Chungu mbele yake, kama watu wengi wanaozungumza chumba cha pili.

Redio ilikuwa kifuani, imewashwa. Baadaye aliulizwa kwa nini hakuita.

"Ningesema nini?" alijibu. "Kwamba nimeshikwa na nani?"

Ndipo redio ikatoa sauti ya Matrona. Haikuwa ikipiga kelele. Ilizungumza polepole, kama mtu anayesoma tangazo kanisani.

"Watu wote wa Chugalik. Dada yangu Feodosia ametoka na kayaki. Amekwenda kuvua gayogayo. Gayogayo, nimesema. Yuko nyuma ya Jiwe la Kasisi, na hajarudi."

Kisha ikaja sauti ya Innokenty, mwenye boti ya aluminiamu: "Nimesikia. Natoka."

Dosia naye alikuwa amesikia. Alitoa kisu akaikata kamba. Anasema hakuikata kwa hofu, na hapa kijijini hakuna anayemtilia shaka. Aliikata kwa sababu samaki ameshatajwa, hakuwa wake tena. Pasipo kutajwa, anasema, angeendelea kumshikilia.

Mkondo ulikuwa umemzidi nguvu, hakuweza kurudi alikotoka. Alipiga kafi kukata upande hadi akagusa msitu wa mwani mrefu ulio kando ya rasi, akajizungushia mashina yake kiunoni na mkononi, kama wafanyavyo fisi maji wa baharini wanapolala, akalala chali juu ya kayaki na kupuliza filimbi. Innokenty aliifuata filimbi hiyo akiwa amezima injini, akiiwasha, akiizima tena.

"Mama Dosia," alisema alipomfikia, "umeota mizizi?"

"Kata taratibu. Mwani huu umenishika kuliko marehemu mume wangu alivyowahi."

Midomo yake ilikuwa ya buluu. Walipofika ufukweni watu walikuwa wamejipanga, na hakuna aliyeshangilia. Matrona alikuwa mbele na blanketi. Dosia hakulipokea.

"Nani kakutuma utaje?"

"Hakuna."

"Alikuwa samaki wangu."

"Na Nestor alikuwa wetu."

"Nestor ulimtaja ukicheka."

"Leo sikucheka," Matrona alisema.

Watu waliokuwa karibu walianza kuondoka, mmoja mmoja, wakitazama chini.

Innokenty alipeleka nyumbani kwa shangazi Ustinia samaki mweupe kutoka kwenye wavu wake. Ustinia aligeukia ukuta. Alizikwa kabla ya Pentekoste. Hakuna aliyesema kwamba kipande cha shavu kingemponya. Alikuwa na miaka tisini na mbili. Hakuna aliyesema kinyume chake pia, na Dosia alikaa katika chakula cha mazishi bila kugusa sahani.

Tangu hapo Matrona amekuwa akifanya jambo ambalo Chugalik haijawahi kuliona. Kila Dosia anapokuja kuchukua kayaki, Matrona hutoka nje na kuuliza kwa sauti ya kusikika barabarani: "Dada, unakwenda kuvua gayogayo wapi?" Majirani hufunga madirisha. Kina mama huwaita watoto ndani. Dosia huirudisha kayaki chini, huigeuza kifudifudi, na kwenda zake. Padri alijaribu kuwasuluhisha. Matrona alimwambia, "Baba, mimi nauliza njia tu."

Kwa njia hiyo alimzuia dada yake nchi kavu Juni yote na Julai.

Agosti kayaki haikuwapo nyuma ya kibanda. Alama ya kuburutwa ilionekana kwenye majani, ikapanda kilimani na kupotelea vichakani. Dosia aliendelea kugawa barua, za Matrona pia, akiziacha juu ya ngazi bila kubisha. Ghuba ina fukwe nyingi za upande wa pili, na nyingi hazina nyumba. Sasa hamwambii mtu hata kwamba anakwenda kutazama maji.

Jumanne iliyopita maji yalikuwa ya bamvua. Ndege haikutua kwa sababu ya ukungu. Matrona alikwenda kwa dada yake akabisha, akaingia. Jiko lilikuwa na moto kidogo. Mabuti hayakuwapo mlangoni, lakini mtu anaweza kuvaa mabuti kwenda kuokota matunda ya porini. Alirudi nyumbani, akashika redio.

"Dosia," alisema. "Dada, uko wapi?"

Nyumba zote zilikuwa zikisikiliza. Kisha ilisikika sauti ya Innokenty, tayari yuko ufukweni.

"Niko kwenye boti, Matrona. Nitajie mahali. Niende upande gani?"

Matrona alikaa na redio mkononi. Jina la samaki alikuwa nalo, na alilisema, mara mbili. Jina la mahali hakuwa nalo.

"Sijui," alisema.

Kutoka ndani ya ukungu injini ya Innokenty iliwaka, ikanguruma palepale kwa muda mrefu, bila kuelekea popote.