Kijiti Chekundu cha Njia ya Mlimani

Mtaani walimwita Ratiba, na hakuchukia, kwa sababu jina lilimfaa. Alikuwa dereva wa pikapu ya buluu, miaka thelathini na moja anapanda mlima ule na kuushuka, na hajawahi kulala njiani kwa kukosa mpango. Jikoni kwake alibandika kipande cha boksi, ameandika kwa makaa: siku gani mkandarasi anayepanua barabara anafungua njia, saa ngapi analipua mawe kwa baruti, na upepo wa kiangazi unaamka saa ngapi. Saa saba mchana. Upepo ukiamka, moto wa msituni unaamka nao, na mwenye akili zake awe ameshavuka kilele. Vijana wa ofisi ya barabara walikuwa na kompyuta, lakini wao ndio waliomfuata kumuuliza habari za upepo. Yeye hakuwahi kwenda kwao.

Abiria wake mkubwa siku hizo alikuwa dada yake, fundi cherehani, ambaye figo zilikuwa zimemgomea. Mashine ya kusafisha damu iko ng'ambo ya mlima, zamu yake kila Jumanne na Ijumaa. Jumanne ile njia ilifungwa kutwa nzima. Daktari alishawaambia bila kuzunguka: akikosa mara mbili mfululizo, maji yatampanda mpaka kifuani. Kwa hiyo Ijumaa haikuwa ya kukosa.

Walifika kwenye kizuizi saa moja asubuhi, wa kwanza kabisa. Saa mbili ilikuwa zamu ya wa kupanda. Lakini usiku jiwe lilikuwa limeporomoka, na buldoza ilihangaika nalo mpaka saa sita. Moshi ulikuwa umeshasimama juu ya msitu, mwembamba, kama wa mtu anayepika.

"Turudi?" Ratiba aliuliza.

"Turudi kufanya nini, kunishonea sanda?" dada akasema. "Nimefunga duka kwa ajili ya safari hii. Endesha."

Njia ilipofunguliwa, dada alikuwa ameinama kando ya mtaro anatapika. Magari yote yakawapita. Wakawa wa mwisho, na wa mwisho ndiye anayepewa kijiti chekundu. Ndivyo kazi ya pale ilivyokwenda: kilomita nne za njia moja, ukuta wa mwamba huku, korongo huku, simu hazishiki. Mshika bendera wa juu haachii gari hata moja kushuka mpaka akabidhiwe kijiti mkononi.

"Mzee, usikicheleweshe," mshika bendera wa chini alimwambia. "Saa saba kamili wanalipua. Kisipofika, walioko juu wanalala huko huko."

"Mimi? Mimi nimewahi kukichelewesha lini?"

Walipofika katikati, dada alishika mlango. "Simama. Simama, mdogo wangu, nakufa." Akasimama. Gari la mbele, la mwalimu mmoja kijana, nalo likasimama.

"Kuna nini, mzee?"

Ratiba alitazama saa. Majivu yalikuwa yameanza kutua kwenye kioo, taratibu, na ndege walikuwa wanapita juu yao wote upande mmoja. Akawaza foleni ya watu kule juu, akawaza na jina lake. Akachomoa kijiti.

"Shika, mwanangu, kifikishe. Waambie mimi niko nyuma, dakika tano tu."

Mwalimu akaenda nacho. Huenda aliwaambia. Lakini pale juu palikuwa na ngurumo ya mitambo na watu wamechoka kungoja, na mshika bendera akishaona kijiti haangalii mdomo wa mtu.

Dada alipopata nafuu waliondoka, na moshi sasa ulikuwa unawafuata kwa nyuma, mzito, una harufu ya utomvu. Wakakata kona ya tatu. Basi hilo hapo, limejaa njia nzima, na nyuma yake lori, na nyuma ya lori magari mpaka macho yanapoishia.

Dereva wa basi alitoa kichwa. "Babu! Kijiti si kimefika?"

"Kimefika," Ratiba akasema. "Mimi ndiye sijafika."

Foleni ile isingeweza kurudi juu. Mwenye gari moja ndiye arudi, na kurudi kwenyewe ni kinyumenyume, kilomita moja na nusu, mpaka pale njia ilipopanuka kidogo, palipomwagwa mchanga wa ujenzi. Akatia rivasi. Vioo vya pembeni havikuonyesha kitu ila weupe wa moshi, basi dada akatoa nusu ya mwili dirishani, kitambaa mdomoni.

"Huku kwangu korongo! Vuta kwako. Vuta, wewe! Miaka thelathini ulikuwa unaendesha nini?"

"Nyamaza unielekeze!"

"Ninyamaze au nikuelekeze?"

Moto ulikuwa umefika ukingoni mwa njia, unalia kama makuti yanayopasuliwa. Mlango ulichoma mkono. Tairi la nyuma lilipogusa mchanga, Ratiba alivuta breki ya mkono. Basi likapita, lori likapita, mengine yakapita. Gari la mwisho halijapotea kwenye kona, mti mmoja ukaanguka unawaka, katikati ya njia ya kupandia.

Kule chini mshika bendera hakumlaumu. Alisema tu, "Imefungwa mpaka Jumatatu."

Ilibaki njia ya kuzunguka mlima, mwendo wa saa tisa, vumbi tupu. Ratiba alimpangia dada mito mgongoni akae wima, kwa sababu akilala alikuwa anazama kwenye pumzi zake mwenyewe. Wakashika njia. Dada akikohoa, alipunguza mwendo. Akinyamaza, alikanyaga mafuta.