Mke Niliyepewa na Baraza ya Kahawa

Msambweni huwezi kunywa kahawa kwa amani. Hujakaa sawasawa kwenye benchi, wameshakuuliza wewe ni wa nani, babako alizaliwa wapi, na mbona umekonda. Ukiwauliza wao habari za mtu, watakupa ukoo wake wote na maradhi ya mbuzi wake. Diani, kwenye ile mikahawa ya vioo, hakuna anayekuuliza kitu: kila mtu na kompyuta yake, na kikombe kimechorwa ua kwa maziwa. Kwetu Ukunda ni jambo jingine. Baraza yetu iko nyuma ya soko, benchi mbili na dele moja la kahawa, na ina sheria moja: mgeni akimuulizia mtu, humjui. Mji umejaa watu wa kila pembe, na anayemsaka mwenzake aghalabu hamsakii heri. Sheria hiyo niliipenda sana mpaka iliponigeukia mimi.

Mwaka huo nilikuwa nimepeleka posa Msambweni. Binti mwenyewe alikuwa ananitaka, wallahi, lakini neno la mwisho lilikuwa la mjomba wake. Na mjomba wa Msambweni haendi kuuliza nyumbani kwenu, ambako kila mtu atakusifu. Huuliza pale unapokunywa kahawa. Nilijua atakuja, na sikuwaambia wenzangu, nisije nikaambiwa nimewapanga mashahidi. Ujinga wangu huo!

Alikuja alasiri moja nami niko hotelini Diani, kichwa ndani ya jokofu, maana kazi yangu ni ufundi wa majokofu. Kanzu imepigwa pasi, mkoba mweusi kwapani. Akatoa salamu, akaketi, akanitaja kwa jina kamili mpaka la babu.

Muuza kahawa akautazama ule mkoba, akaona huyu ni kachero tu. "Huyo hatumjui, shekhe," akasema.

"Mbona nimeambiwa hunywa kahawa hapa kila siku?"

Rafiki yangu mmoja, mtu wa bara anayeuza mitumba, akaona uongo umepwaya, akaamua kuukaza. "Aah, huyo msee! Alihama kitambo, mzee. Alienda Lungalunga na bibi yake na watoto wanne."

"Watoto wanne?"

"Na wa tano yuko njiani."

Mjomba akamaliza kahawa yake, akashukuru, akaenda zake.

Jioni nilipofika nilipokewa kwa vigelegele. "Leo tumekuokoa!" wakaniambia, na kila mmoja akataka kusimulia yeye. Mimi nikauliza jambo moja tu: huyo kachero alikuwa na ndevu za hina?

"Hina tupu!"

Lahaula! Nilipiga ukelele hata paka wa buchani wakatimua mbio. "Mmenimaliza! Yule ni mjomba wa mchumba wangu!"

Kisha yule wa mitumba akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa huyo wa tano tumtoe?"

Kesho yake baraza nzima ilifunga safari kwenda Msambweni kunitetea. Tulimkuta mjomba kwenye kahawa yake, na habari zilikuwa zimeshamwagika. Wazee wa pale waliponiona wakaniuliza kama watoto wangu hawajambo. Nikasema, "Shikamoo, mjomba." Akaitika "Marahaba" huku akitazama barabarani. Wenzangu wakaapa, wakaeleza, wakaapa tena. Mjomba akawasikiliza mpaka mwisho.

"Mlikuwa mkisema kweli jana au leo?" akauliza.

Nilihisi binti anaponyoka mikononi mwangu.

"Basi niambieni," akasema, "katika nyinyi, ni nani asiyempenda huyu kijana?"

Fundi baiskeli akainua mkono. Tulikuwa hatusemezani mwaka mzima, mimi nikidhani ni ugomvi wetu wa dhumna, na nilipomwona anaingia garini pamoja nasi nilijua anakuja kunicheka.

"Mimi simpendi," akasema. "Anajiona sana. Tukicheza dhumna huchungulia kete za wenziwe. Na akianza kusimulia jambo, kahawa yote hupoa."

Nilitaka kumjibu, mjomba akaninyamazisha kwa kidole. "Ana mke?"

"Mke! Nani wa kumkubali huyu?"

Baraza ikaangua kicheko. Mimi natokwa jasho, sijui nifurahi au nimrukie.

"Lakini nitasema na hili," akaendelea, na sasa sauti ilikuwa imeshuka. "Mamangu alipolazwa hospitali hapa, mama wa huyu alikuwa kitanda cha pili. Kila siku huyu alikuwa akija kumwosha miguu na kumlisha uji kwa kijiko. Akimaliza, humlisha na mamangu. Siku moja mamangu akaniuliza, na wewe huwa uko wapi? Tangu hapo simpendi."

Nilimkumbuka yule bibi, alikuwa akipenda uji wenye ndimu, na sikuwahi kujua mwanawe ni nani.

Mjomba akaagiza kahawa. Kikombe cha kwanza akampa fundi baiskeli, cha pili nikapewa mimi, kisha akaniuliza mamangu anaweza kupokea wageni siku gani.