Jirani kasema sijui kusoma

Leo, hapahapa kwetu Kasulu, nimeambiwa sijui kusoma. 😂

Mnaonifahamu mnajua kazi yangu. Waandishi wananitumia miswada yao kabla haijachapwa, nasaka makosa, wananilipa. Huwa nasoma kwa sauti, maana macho yakizoea yanaruka vitu. Sikio haliruki.

Basi asubuhi nimekaa barazani na kompyuta yangu, mama yuko pembeni anachambua maharage.

Akaingia jirani yetu, Mama Jeni. "Mwakeye!" Tukaitikia salamu, nikaendelea kusoma.

Sentensi moja ikanikwama. Nikairudia. Nikairudia tena.

Mama Jeni akamwinamia mama, eti ananong'ona, ila kila neno nililisikia:

"Huyu si alimaliza chuo? Mbona anasoma kama mtoto wa darasa la kwanza?"

Jamani, niliishiwa pozi. Mnaofanyia kazi nyumbani mtanielewa.

Nikamtazama mama. Mama huyuhuyu ambaye mwaka jana kila akiniona na kompyuta alikuwa ananiambia, "Kama huna kazi, twende shambani."

Hata hakuinua macho kwenye ungo.

"Analipwa kurudia. Hayo mabati mapya uliyoyasifia juzi yametoka huko huko kwenye kurudia."

Mama Jeni akatazama juu kwenye bati. Akatazama kompyuta. Akavuta kigoda, akaketi.

Ndipo mama akanigeukia:

"Haya mwanangu, irudie. Mwenzangu asikie vizuri."

Nimeirudia kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Kosa nilishaliona zamani, ila sikuwa na haraka ya kuiacha. 😌