Jiko la Uzi

Jina alilopewa na mama yake halina kazi hapa, maana hata mtaani lilishasahaulika. Watu walimwita Bi Umezima. Ukipita mlangoni kwake kumsalimu, hujamaliza salamu ameshakuuliza: "Jikoni kwako umezima?" Ukisema ndiyo, anauliza tena kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi: "Umezima kweli?"

Watu walicheka, tena mbele yake. Yeye aliwajibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, kisha akaingia ndani haraka kwenda kuangalia jiko lake. Lakini hofu ile haikutoka hewani. Zamani, nyumba ya jirani yao wa ukuta kwa ukuta iliungua kwa gesi iliyovuja, mchana kweupe, na yeye ndiye aliyesikia kishindo akiwa uani anaanua nguo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na nyumba ya mtu imejaa ung'ongo: mpira wa gesi, waya wa pasi, soketi iliyolegea.

Mumewe alikuwa mlinzi wa usiku. Alirudi asubuhi mkewe akijiandaa kutoka, akalala mchana kutwa kwenye godoro lililotandikwa chini, madirisha yamefungwa na pazia zito limeshushwa. Chumba kilipakana na jiko. Hapo ndipo roho ya Bi Umezima ilipokuwa haitulii. Aliiona gesi ikitambaa sakafuni, ikipita chini ya mlango, ikilifikia godoro, na mume wa watu amelala chali mdomo wazi.

Yeye mwenyewe alikuwa fundi wa masweta ya shule, kwenye karakana iliyokuwa karibu na kwao. Mashine inakwenda vizuri, rangi zinafuatana, mara katikati ya mkono wa sweta tumbo linapata joto. Anaacha mashine, anakimbia nyumbani, anakuta kila kitu kimezimwa na mume anakoroma, anarudi jasho linamtiririka. Bosi wake, mtu mpole asiyependa kugombana na mtu, alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Mama," alisema, "ukitoka tena kabla ya saa ya chakula, usirudi. Nakuambia kwa heshima."

Jioni ile mumewe alifanya mzaha. "Si ulifume hilo jiko, utembee nalo?"

Akalifuma kweli. Alitumia nyuzi za mabaki ya kola, akalijaza vitambaa, jiko la kukaa kiganjani, na mtungi wake mnene na mpira wake wa gesi uliosokotwa. Mahali pa vitufe alishona vifungo vya koti, kila kimoja akakichora mstari kwa uzi mwekundu: mstari ukisimama, jiko limezimwa, ukilala, linawaka. Aliviacha vilegee kidogo ili vizunguke. Asubuhi alizima jiko la kweli, akasimamisha mstari, akalitia jiko la uzi mkobani. Tumbo likipata joto huko kazini, anapapasa mkobani, anaona mstari umesimama, anashusha pumzi na kuendelea na mkono wa sweta.

Dawa ikapatikana, au ndivyo alivyodhani. Akafuma na pasi, na soketi, na kitasa chenye ufunguo, na ndoo iliyojaa maji ya uzi wa buluu. Alivitundika sebuleni, kila kimoja na msumari wake, na jiko likipewa wake kila liliporudi kutoka kazini. Vilikuwa vizuri, hilo hakuna aliyelikana, ila ukivitazama sana unaanza kujiuliza kama kwako umefunga mlango. Kuna jirani aliyeomba ageuziwe kiti avipe mgongo.

Hata mumewe, baada ya kucheka mpaka akachoka, alizoea. Akiwasha jiko la kweli, anazungusha na la uzi. Akizima, anazungusha tena. "Sheria ya nyumba," alisema.

Siku moja alirudi kutoka lindoni akiwa hoi. Mkewe alikuwa anaoga, naye amechelewa. Mume akabandika birika, akawasha, akaulaza mstari wa jiko la uzi kama sheria inavyotaka. Mke akatoka mbio, akalichomoa jiko msumarini bila kulitazama.

"Utazima?"

"Nitazima."

"Kweli?"

"Nenda, mke wangu, utafukuzwa kazi."

Jua lilikuwa limeshapanda alipopapasa mkobani na kukuta mstari umelala.

Alijisemesha kama mtu mzima: mume alikuwa anapika chai, basi alikizungusha yeye, na uzi ni uzi, haujui habari za nyumbani. Akausimamisha mstari kwa kidole chake. Haikusaidia kitu, kwa sababu sasa alikuwa anajidanganya mwenyewe. Bosi alikuwa amesimama mlangoni anamtazama.

"Mama," alisema bosi.

Bi Umezima alinyanyuka akampita.

Harufu ilimpokea kizingitini. Birika lilikuwa limefurika na maji yakaumeza moto, lakini gesi ilikuwa inaendelea kutoka. Alibana pumzi, akafunga mtungi, akausukuma mlango wa chumbani. Ndani mlikuwa na giza. Alimtikisa mumewe kwa nguvu, naye akafumbua macho kizembe, na kama afanyavyo mtu yeyote aliyeamshwa gizani, akanyoosha mkono kutafuta swichi ya taa.

Aliupiga mkono ule kwa nguvu zake zote. "Usiguse!"

Alimburuta kwa makwapa mpaka uani. Mume alitapika, akalala juani, akalia kama mtoto. Alipoweza kusema, alisema: "Huwa naliangalia lile la uzi. Nilipotaka kulala nikatazama msumarini, halipo. Nikaona basi, hakuna kinachowaka."

Habari zilienea kabla ya jioni. Bosi alikuja mwenyewe kumpa pole. "Ukisikia tumbo joto, mama, nenda tu. Hata usiombe ruhusa." Tangu siku hiyo mtaani hakucheka mtu. Akiuliza "umezima?" wanajibu kwa adabu, na wengine wanageuka kurudi kwao kuangalia.

Hakuna aliyejua kwamba kicheko chao ndicho kilichokuwa kikimshikilia. Miaka yote hiyo alikuwa na tumaini moja dogo: kwamba wao ndio wenye akili na yeye ni mjinga. Sasa hata hilo alinyang'anywa, na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake.

Na mumewe naye usingizi ulimpaa. Mchana alilala macho makavu, akiamka kwenda kushika mtungi, akirudi, akiamka tena. Lindoni alianza kusinzia. Mwishowe akasema, bila mzaha hata chembe: "Nifumie na mimi langu."

Alimfumia. Alipofika kwenye vifungo mikono ilisita. Akiviacha vilegee, siku moja vitazunguka mfukoni, na mwanamume huyu ataacha lindo lake akimbie barabarani kama alivyokimbia yeye. Basi alivishona kwa kukaza, sindano ikaingia na kutoka, akapiga fundo juu ya fundo, mpaka hapakuwa na kidole cha kuvizungusha. Mistari yote ilisimama. Hakumwambia.

Mume alilitia mfukoni mwa koti, akalipapasa, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akatabasamu. "Limezimwa," alisema.

"Limezimwa," alijibu mkewe.

Aliporudi asubuhi alilala fofofo, akakoroma kama zamani. Bi Umezima hakwenda kazini. Alikaa karibu na mlango wa chumba akiusikiliza mkoromo ule, jiko lake mwenyewe mapajani, akikigusa kifungo chake kilicholegea. Cha mumewe kilikuwa kifungo cha koti tu. Chake yeye kilikuwa cha maisha.