Nilibadilisha meno ya sahani moja tu, mashine ya kusaga sakafu ikanipeleka mpaka kwa mama mkwe

Wakuu, salamu kutoka Kamina. Kiswahili cha huku mtakivumilia. Haya ni kweli tupu, na asiyeamini aje aone sakafu.

Kazi yangu ni kusaga sakafu. Mashine yangu ni ya umeme wa jenereta, unaisukuma kwa mikono, chini ina sahani tatu zinazozunguka, na kila sahani ina meno ya chuma yenye chembe za almasi ndani. Hayo meno ndiyo yanakula simenti.

(Siyo mashine ya unga. Shangazi yangu mpaka leo ananiuliza bei ya kusaga mihogo.)

Nina mchumba, anaitwa Numbi. Baba yake, Papa Banza, ni mstaafu wa reli. Sebule yao ilipakwa siraji nyekundu miaka na miaka, ile nta ya kung'arisha, mpaka sakafu ikawa na magamba.

Jumamosi wajomba zangu walikuwa wanakuja kutoka Kabongo kuleta doti, yaani mahari. Kimbelembele changu kikanituma niseme, "Papa, hii sakafu niachie miye."

Sasa kuna jambo mlijue. Kwetu kuna buko, heshima ya wakwe. Mama mkwe humkaribii, husemi naye, humtazami usoni, na kumwona akila ni balaa kabisa. Ukivunja buko kabla ya doti, wanaweza kukurudisha kwenu na mbuzi wako.

Kwa hiyo siku ya kazi Mama alikaa chumbani nyuma ya pazia, mimi sebuleni.

Turudi kwenye meno. Sakafu ngumu inataka meno ya chuma laini, yanalika polepole na almasi mpya inatokeza. Sakafu laini, yenye mchanga mwingi, inataka chuma kigumu, la sivyo mchanga unayamaliza. Unapima kwa msumari: ukikwaruza unga ukatoka, hiyo ni laini.

Mimi nilipima? Wapi! Niliona siraji inang'aa, nikasema hii ngumu, nikafunga meno ya chuma laini.

Asubuhi haijaisha, sahani moja haina meno. Nyingine mbili zimebaki na visiki. Nikajiuliza, kwa nini nibadilishe zote? Nikafunga meno mapya, marefu, kwenye ile moja tu, nikajisifu kwa akili zangu.

Numbi, huko nje, akawasha jenereta.

Wakuu, mashine ilisimama kwa mguu mmoja! Ikaruka, ikachora nusu duara kwenye sakafu ya watu, ikaruka tena. Nikaikamata kwa nguvu, ndiyo kwanza ikaniburuta.

"Zima! Zima groupe!" nikampigia Numbi kelele, maana jenereta huku ndiyo groupe.

Papa Banza akatoa filimbi yake ya zamani ya reli, akaipulizia mashine. Haikusimama. Akapuliza tena, safari hii kwa hasira, maana amezoea kutiiwa.

Tukapita mlango wa chumbani: mimi, mashine, na pazia lenyewe.

Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka, tonge la bukari, ugali wetu, liko njiani kwenda mdomoni. Ndipo Numbi akazima jenereta. Tukatazamana, mimi nimejifunika pazia kichwani.

Nikasema neno la kwanza lililonijia: "Karibu, Mama."

Jamani, nimemkaribisha chakula chake mwenyewe!

"Vidye wami!" akamwita Mungu wake, akafunika uso. "Huyu muntu anatafuta nini?"

Papa Banza akafika na filimbi yake. "Weye! Weye njo unaongoza machine, ao machine njo inakuongoza?"

Nilipiga magoti. Niliogopa kweli, wakuu, Numbi nilikuwa namwona anaondoka hivi hivi.

"Leta kuku ya kurudisha heshima ya Mama," akasema. "Na ile mistari ikikuwa hapa Jumamosi, doti hakuna."

Nikapima kwa msumari, kwa adabu safari hii. Nikang'oa meno yote ya sahani zote, nikafunga seti nzima ya chuma kigumu. Nikasaga mpaka mistari ikaisha.

Tatizo, sakafu ilishuka. Na mlango wa mbele ulishaliwa na mchwa chini. Kwa hiyo kuku niliyelipa, ambaye Mama alikataa kumchinja, anapita chini ya mlango anavyotaka.

Doti ilipokelewa. Ila kwa kuwa Mama hasemi na mimi, anasema na kuku. "Kuku, ambia ule bwana avue viatu." "Kuku, ule bwana amekonda, ao machine inamukula?"

Funzo: pima sakafu kwanza, na meno badilisha yote kwa pamoja. Nyinyi mnaofanya kazi hii, kwenu mnabadilishaje? Na kuna mwingine aliyewahi kuburutwa mpaka kwa mama mkwe, au niko peke yangu? Semeni, msinicheke tu.

Nitawajibu baadaye. Hapa ninapoandika niko sebuleni kwao, na nyuma ya pazia jipya nimesikia:

"Kuku, ambia mutoto wangu bukari iko tayari."

Mutoto wangu, wakuu! Ameniita mutoto wangu.