Kushtuka kwa Mzee Sheldon

Ndeshi akikosa neno la Kiingereza, huliigiza kwa mwili mzima, na mambo humwendea vizuri. Tatizo lake ni simu, maana simu haina macho.

Anamtunza Sheldon, mzee mjane wa Mansfield, ambaye Jumamosi alikuwa anangojwa Houston kwenye harusi ya mjukuu wake. Suti ilikuwa imeshatundikwa mlangoni. Jumatano asubuhi, akimwosha, Ndeshi aliona mguu wa mzee umeshtuka. Akampigia nesi msimamizi, akamwambia mzee ana-jerk. Nesi akauliza kama imewahi kutokea kabla. Ndeshi, ambaye hana choyo na habari, akasema kila siku. Safari ikasimamishwa hapo hapo, mpaka daktari amwone wiki ijayo.

Sheldon aligeukia ukutani. Ndeshi akaumia moyoni, akampigia binti yake, Precious.

“Mama, ume-report jerk? Hiyo ni kama mtu kavutwa na kamba. Watadhani ni kifafa.”

“Alishtuka, mwanangu. Neno nililokuwa nalo ni hilo.”

“Nyama ikicheza kidogo, kama kope, ni twitch. Akiruka kwa kelele ya ghafla, ni start. Akijivuta akiogopa kuumia, ni flinch. Yeye alifanya ipi?”

“Sasa mimi nitajuaje?”

“Nenda kamwangalie, Mama. Usimwigize.”

Ndeshi akarudi chumbani kwa mzee, akamkodolea macho. Hakuna nyama iliyocheza. Akaangusha sufuria jikoni makusudi. Mzee akauliza tu kama chakula kimemwagika. Akakata tamaa, akanawa, akamshika mguu amvalishe soksi. Mguu ukajivuta.

“Unaogopa nini, mzee?”

Sheldon akaona haya. “Mikono yako. Ni barafu tangu ulipoanza kazi. Sikutaka kukuudhi.”

Kwao Marangu watu hunawa maji ya baridi, na bomba la maji ya moto Ndeshi amelihesabu siku zote kuwa ni la vyombo. Na kanisani alishajisifu kwamba wagonjwa wanapenda mikono yake. Aibu ilimshika, lakini alimpigia nesi mwenyewe, safari hii kwa video, akasema flinch na kuiigiza. Nesi alicheka, akamwomba arudie. Jioni akaja kumpima mzee na kuruhusu safari.

Jumamosi Sheldon alikataa kufungwa tai na jirani aliyekuja kumpeleka Houston.

“Atanifunga Ndeshi,” akasema. “Mpe kwanza kikombe cha chai akishike.”